Kiangazi cha kwanza chuoni: mwongozo kamili kwa vijana wetu wanaojiandaa kusomea udaktari Marekani

Katikati ya Mei mabweni ya vyuo vingi vya Marekani hufungwa, na mwanafunzi aliyemaliza mwaka wa kwanza hujikuta na miezi mitatu hivi mkononi kabla madarasa hayajafunguliwa tena mwishoni mwa Agosti. Kwa anayejiandaa kusomea udaktari, wale wanaoitwa primedi, likizo hiyo ina thamani kubwa kuliko anavyodhani. Wengi huipoteza ama kwa kulala, ama kwa kukimbilia mambo matano kwa mpigo ili fomu ionekane imejaa. Nawaandikia vijana wanaozungumza Kiswahili walioko Columbus, Dallas, Minneapolis, Lowell na kwingineko, pamoja na wazazi wao. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: chagua kazi moja inayokuweka karibu na mgonjwa, ishike kiangazi kizima, na usiiache chuo kikifunguliwa. Mengine yote ni nyongeza.

Kwanza uelewe unakoelekea

Wazazi wetu wengi wamekulia mfumo mwingine. Tanzania kijana anatoka kidato cha sita na PCB yake, alama zikiruhusu anaingia moja kwa moja Muhimbili, Bugando au KCMC, anasoma miaka mitano, kisha mwaka wa intanshipu. Kenya ni miaka sita. Kule alama ndizo zinazoongea. Ndiyo maana mama akiona mtoto wa chuo anaamka alfajiri mwezi wa saba kwenda kuogesha wazee, anauliza: si ulisema unasomea udaktari?

Marekani, ukiondoa programu chache sana, hakuna kuingia udaktari kutoka sekondari. Unasoma kwanza shahada ya miaka minne ya fani yoyote, ndani yake ukipitia baiolojia, kemia ya mwanzo, kemia ya kikaboni, fizikia na baiokemia. Unafanya mtihani wa MCAT. Unaomba. Ndipo inaanza miaka minne ya chuo cha udaktari, na baada yake mafunzo ya ubingwa ya miaka mitatu hadi saba.

Kila mwaka watu zaidi ya 50,000 huomba vyuo vinavyotoa shahada ya MD, na wanaoingia ni kama 23,000. Wastani wa wanaoingia ni GPA, yaani wastani wa alama za chuo, ya karibu 3.8 kati ya 4 na MCAT ya karibu 512 kati ya 528. Kwa hiyo alama nzuri zinakufikisha mlangoni ukiwa umesongamana na maelfu wenye alama kama zako. Hapo ndipo kamati inapogeukia ukurasa wa shughuli. Fomu ya pamoja ya vyuo vya MD, iitwayo AMCAS, ina nafasi 15 za shughuli. Kila moja unapewa herufi 700 za maelezo, na tatu unazoziona za maana zaidi unaongezewa herufi 1,325. Unaandika tarehe, idadi ya saa, na jina la mtu anayeweza kuthibitisha kwamba ulikuwepo.

Sasa piga hesabu ya likizo zako. Ukitaka kuingia chuo cha udaktari mara tu baada ya shahada, unaomba Juni baada ya mwaka wa tatu. Kiangazi hicho kitaliwa na insha za vyuo, na miezi ya kabla yake italiwa na MCAT. Zilizobaki huru ni likizo mbili tu: ya baada ya mwaka wa kwanza na ya baada ya mwaka wa pili. Ni kweli kwamba waombaji wengi siku hizi hukaa mwaka mmoja au zaidi kabla ya kuanza udaktari, na si aibu hata kidogo, lakini usiupange mwaka huo kama kisingizio cha kupoteza hizi mbili.

Hatua ya 1: Angalia karatasi zako za uhamiaji kabla ya kutafuta chochote

Naanza hapa kwa sababu hapa ndipo mtu anaweza kuumia kweli. Mwenye uraia, mwenye grini kadi na aliyepokelewa kama mkimbizi anaweza kufanya karibu kila kazi nitakayoitaja. Mwenye viza ya F-1, aliyetoka Nairobi au Dar kuja kusoma, hawezi. Yeye anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo chake, saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea na saa zote wakati wa likizo. Nje ya chuo anahitaji kibali, na kibali hicho hupitia ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Usikubali kauli ya mdomo ya rafiki au ya meneja wa nyumba ya wazee anayesema "hapa hawaulizi". Hata kujitolea lazima kuwe kujitolea kweli, yaani nafasi ambayo kwa kawaida hakuna mtu yeyote anayelipwa kwa kuifanya.

Mwenye F-1 ana jambo lingine zito la kujua mapema: vyuo vingi vya udaktari Marekani havipokei kabisa wanafunzi wa kigeni, na baadhi ya vinavyopokea hutaka uonyeshe fedha za miaka yote minne kabla ya kuanza. Kanzidata ya MSAR, inayoendeshwa na muungano wa vyuo vya udaktari, AAMC, inaonyesha kila chuo kinapokea nani. Kaa nayo siku mbili kiangazi hiki, andika orodha yako, kisha zungumza na wazazi kwa uwazi. Ni bora mazungumzo hayo yafanyike ukiwa na miaka 19 kuliko 22.

Hatua ya 2: Pima alama zako kwa uaminifu

Kama mwaka wa kwanza umekwenda vibaya, GPA ikiwa chini ya 3.3 hivi, kiangazi chako kina kazi nyingine ya kwanza: kujua ni nini kilichoharibika. Je, ni kemia yenyewe, ni namna ya kusoma, au ni zamu za usiku ulizokuwa ukifanya ili kusaidia nyumbani? Kila kozi utakayoirudia itahesabiwa pamoja na ile ya kwanza kwenye AMCAS, hata kama chuo chako hufuta alama ya zamani. Kwa hiyo usirudie kozi kwa hasira mwezi Juni.

Kozi za kiangazi zenyewe zina hatari yake. Kemia ya kikaboni inayosomwa kwa wiki kumi na tano hubanwa ndani ya wiki nane au kumi, na maabara juu yake. Mtu anayeisoma hivyo huku anafanya kazi saa arobaini anajitafutia C. Ukitaka kozi ya kiangazi, chukua moja nyepesi zaidi, takwimu au saikolojia, na uulize mshauri wako wa masomo kama vyuo unavyovilenga vinapokea kozi za chuo cha jamii (community college).

MCAT usiiguse bado. Sehemu kubwa ya maudhui yake hujaisoma. Ila kuna sehemu moja, CARS, isiyopima sayansi kabisa: dakika 90, vifungu tisa vya Kiingereza kigumu kuhusu falsafa, historia na sanaa, maswali 53. Kijana aliyeanza Kiingereza akiwa na miaka kumi na mbili katika kambi ya Nyarugusu au Kakuma anaweza kuipita fizikia na kukwama hapa. Dawa yake ni usomaji wa muda mrefu, na hauwezi kuharakishwa katika miezi mitatu ya mwisho. Soma makala moja ndefu ya Kiingereza kila siku, juu ya jambo usilolipenda, kisha useme kwa sentensi mbili mwandishi anatetea nini. Anza sasa.

Hatua ya 3: Kiangazi huanza Novemba

Programu za utafiti za kiangazi zinazolipa posho hufunga maombi kati ya Januari na Machi. Hospitali nyingi huchukua vijana wa kujitolea kwa awamu, na za kiangazi hujaa mapema. Wanataka kipimo cha kifua kikuu, chanjo za surua na homa ya ini B, na mara nyingine ukaguzi wa rekodi ya polisi. Mambo hayo peke yake huweza kula mwezi mzima. Kama kadi yako ya chanjo ilibaki Kigoma, omba kliniki ya chuo ikupime kinga kwenye damu, au ikuchanje upya. Lifanye hilo likizo ya Krismasi.

Na kama unasoma hapa ikiwa tayari ni Mei? Usikate tamaa. Nyumba za wazee huajiri mwaka mzima. Na hapo tunaingia kwenye kiini cha mwongozo huu.

Hatua ya 4: Kazi ya CNA, ile ambayo watu wetu wanaijua tayari

Katika familia nyingi za Waafrika Mashariki Marekani kuna shangazi, binamu au mama mwenyewe anayefanya kazi ya msaidizi wa muuguzi, CNA. Vijana wengine huiona kama kubeba maboksi kwa jina jingine, na huikwepa wakitafuta kitu chenye jina kubwa hospitalini. Mimi naamini ni shule bora kuliko zote kwa mtu wa mwaka wa kwanza, kwa sababu hakuna nafasi nyingine ambapo kijana wa miaka 19 anakabidhiwa mwili wa binadamu mwingine na kulipwa kwa kumtunza vizuri. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Sheria ya serikali kuu inataka mafunzo yasiyopungua saa 75, na angalau saa 16 kati ya hizo ziwe za vitendo chini ya msimamizi. Ohio wanabaki na 75, Texas wanataka 100, California 160, Maine 180. Kwa saa 75 au 100 unaweza kumaliza ndani ya wiki chache ukisoma mchana kutwa. Kisha kuna mtihani wa sehemu mbili, maswali na vitendo, na kisheria unapewa angalau nafasi tatu za kuufaulu.

Kuhusu ada, usitoe pesa kabla ya kujua haya. Nyumba ya wazee inayopokea fedha za Medicare au Medicaid, bima za serikali za wazee na za wenye kipato kidogo, hairuhusiwi kukutoza ada ya mafunzo kama imekuajiri au imekuahidi kazi. Ukijilipia mwenyewe kisha ukaajiriwa kwenye nyumba ya aina hiyo ndani ya miezi 12, jimbo linatakiwa kuwa na utaratibu wa kukurudishia. Tena wanaruhusiwa kukuajiri hadi miezi minne ukiwa bado hujapata cheti, mradi uko kwenye mafunzo. Kwa hiyo simu yako ya kwanza ipige kwenye nyumba za wazee zilizo karibu na kwenu, uulize kama wana darasa la bure. Shule za kulipia zije baadaye.

Kazi yenyewe ni hii. Asubuhi unamkuta mzee amelala, upande wake wa kushoto umepooza kwa kiharusi. Unamsalimia, unajitambulisha, unamweleza unachotaka kufanya hata kama hajibu. Unakiweka kiti cha magurudumu upande wake wenye nguvu, unafunga breki za magurudumu yote mawili, unakunja vikanyagio visimkwaze. Unamkalisha ukingoni mwa kitanda na kusubiri kidogo, kwa sababu presha hushuka mtu anapoinuka ghafla na anaweza kuanguka. Unamvisha viatu visivyoteleza. Unamfunga mkanda wa kumshikia kiunoni, juu ya nguo, unapitisha vidole chini yake kuona haumbani. Unakunja magoti yako, si mgongo, mnahesabu pamoja hadi tatu, anasimama, anageuka, anakaa. Kama unafanya haraka anaogopa, na mwili wenye hofu hukakamaa. Utafanya hivyo mara nyingi kwa zamu, na katikati yake utawageuza wasioweza kujigeuza kila baada ya saa mbili ili ngozi isioze, utaandika nani amekunywa kiasi gani, na utakuwa wa kwanza kugundua kwamba bibi aliyekuwa akicheka jana leo hakumbuki jina la binti yake, umwite muuguzi kabla ambukizo la mkojo halijawa jambo kubwa.

Baada ya wiki nane hivi unakuwa na jibu la swali ambalo kila kamati huuliza: umejuaje kwamba unataka kazi hii? Na kama jibu ni kwamba huitaki, umelijua kabla ya kukopa dola laki mbili.

Ukianza, omba nafasi ya kuitwa inapohitajika, ili chuo kikifunguliwa uendelee na zamu moja ya wikiendi. Jina lako hubaki kwenye rejista ya CNA ya jimbo kwa kufanya kazi ya malipo. Ukikaa miezi 24 mfululizo bila hata zamu moja, utalazimika kurudia mafunzo au mtihani.

Hatua ya 5: Ukalimani wa hospitali

Kwa miaka kadhaa hadi 2024 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikuwa nchi iliyoongoza kwa idadi ya wakimbizi waliopokelewa Marekani, na wengi wao wanazungumza Kiswahili. Wanafika hospitalini na hakuna anayewaelewa. Wengi wenu mnaosoma hapa mlikuwa wakalimani wa mama zenu tangu mkiwa na miaka kumi, mkikaa kwenye kiti cha kliniki mkieleza mambo ambayo mtoto hapaswi kuyasikia. Sheria haitaki hivyo: kanuni za kifungu cha 1557 cha sheria ya afya ya 2010 zinakataza hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu kumtegemea mtoto kama mkalimani, isipokuwa kwa dharura. Wanatakiwa kumleta mtu aliyefunzwa, bila malipo kwa mgonjwa.

Unaweza kuwa mtu huyo. Masharti ya kawaida ni umri wa miaka 18, cheti cha sekondari, kupimwa lugha zote mbili, na kozi ya saa 40. CCHI, bodi inayotoa vyeti kwa wakalimani wa afya, ina cheti cha msingi kilicho wazi kwa lugha zote, Kiswahili kikiwemo, ingawa huhitaji cheti hicho ili kuanza. Mashirika yanayowapokea wakimbizi mjini kwenu mara nyingi hujua kozi za bei nafuu. Waulize wao kwanza.

Kozi itakufundisha mambo manne ambayo kuwa mzungumzaji tangu utotoni hakukufundishi. Unasema kwa nafsi ya mgonjwa: akisema naumwa kifua, nawe unasema kwa Kiingereza kwamba naumwa kifua, si kwamba mama huyu anadai anaumwa. Huongezi, hupunguzi, na hutoi ushauri wako hata kama daktari amesahau kuuliza jambo unaloona wazi. Neno usilolijua unaliulizia mbele ya wote wawili, hubahatishi. Na uliyoyasikia yanabaki chumbani. Hili la mwisho ndilo gumu kwetu, maana mgonjwa wa Jumanne ni mama mchungaji wa Jumapili, na kanisani watu watakuuliza alikuwa na shida gani. Jibu ni kwamba hujui habari za mtu yeyote.

Jiandae na msamiati wa mwili kabla ya kozi. Wengi wetu tunajua moyo, ini na figo, lakini tunakwama kwenye kongosho, wengu, kibofu, tezi dume, mfuko wa uzazi, mshipa wa fahamu. Jizoeze kuyataja ya sehemu za siri kwa sauti, bila kucheka na bila kuzungukazunguka, kwa sababu daktari hawezi kutibu "huko chini". Na ukumbuke kwamba mzee wa Uvira na bibi wa Pangani hawasemi Kiswahili kimoja. Uliza, sikiliza, usisahihishe lugha ya mgonjwa.

Mwenye F-1 aangalie tena hatua ya kwanza: ukalimani wa malipo nje ya chuo ni kazi.

Hatua ya 6: Kumfuata daktari kazini

Hii haihitaji kiangazi kizima. Saa arobaini au hamsini, zikigawanywa kwa madaktari wawili watatu, zinatosha kwa sasa, na mmoja wao awe daktari wa familia au wa magonjwa ya kawaida, kwa kuwa huko ndiko utaona kazi jinsi ilivyo siku nyingi za mwaka. Ukifikiria pia vyuo vya DO, shahada nyingine ya udaktari sambamba na MD, tafuta daktari mwenye shahada hiyo. Baadhi ya vyuo hivyo hupenda barua yake.

Anza na daktari wa familia yenu. Waulize wauguzi mnaofanya nao zamu. Tuma barua pepe ya mistari sita: wewe ni nani, uko mwaka gani, unaomba siku moja tu ya kuangalia, chanjo zako zimekamilika, na utafuata utaratibu wa ofisi yake. Asipojibu, kumbusha baada ya siku kumi, kisha nenda kwa mwingine. Siku yenyewe simama pembeni, zima simu, toka chumbani mgonjwa akisita. Usipige picha ya kitu chochote, hata ya mlango. Sheria ya siri za mgonjwa, HIPAA ya 1996, haina huruma kwa wageni.

Hatua ya 7: Maabara, kama unaipenda kweli

Kuna imani kwamba bila utafiti hakuna udaktari. Si kweli kwa vyuo vingi. Ni kweli kwa wanaotaka MD na PhD pamoja, na kwa vyuo vikubwa vya utafiti. Kama unapenda swali moja na huchoki kulifuata, nenda. Kama unaenda kwa woga tu, rudi hatua ya nne.

Programu za REU, yaani utafiti wa kiangazi kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, za NSF, taasisi ya serikali inayofadhili sayansi, hulipa posho kwa wiki nane hadi kumi, lakini ni kwa raia na wenye grini kadi. Fedha za serikali zimeyumba: mwaka 2025 NIH, taasisi za taifa za utafiti wa afya, zilifuta programu yao ya kiangazi, na nafasi nyingine nyingi zikapungua. Kwa hiyo usiweke mayai yako yote huko. Maabara za chuo chako mwenyewe ni mlango wa karibu zaidi, na kwa mwenye F-1 ni mlango wa halali wa kulipwa. Chagua maprofesa watano, soma makala moja ya kila mmoja hadi uelewe angalau mchoro mmoja, kisha andika barua fupi inayouliza swali kuhusu mchoro huo na kuomba dakika kumi na tano. Utaanza kwa kuosha vyombo, kuweka lebo na kuingiza takwimu. Uliza kwa nini kila hatua inafanywa, na uulize mapema kama unaweza kuendelea Septemba, kwa sababu profesa anayewekeza muda kwa mtu anataka kumwona tena.

Hatua ya 8: Ukienda nyumbani

Familia nyingi husafiri Julai. Ukifika Mwanza au Kisumu na mjomba ni mganga mkuu wa hospitali, atakuambia: njoo, utashona jeraha, utazalisha. Kwake ni upendo, na ni kweli kwamba mikono haitoshi. Kataa kwa heshima. Hujafunzwa, huna leseni, na mwanamke aliye kwenye kitanda cha kujifungulia Sengerema ana haki sawa na wa Boston ya kuhudumiwa na anayejua. AAMC imetoa mwongozo kuhusu wanafunzi wanaotoa huduma nje ya Marekani, na ujumbe wake ni kwamba usifanye huko usichoruhusiwa kufanya hapa. Kamati inayosoma kwamba ulizalisha ukiwa na miaka 19 haikupigii makofi.

Unachoweza kufanya ni kingi. Omba barua ya mganga mkuu inayokuruhusu kuangalia. Kaa na tabibu wa wagonjwa wa nje, uone jinsi anavyopima watu wengi kwa siku kwa kutumia macho, mikono na maswali, pale ambapo Marekani wangeagiza vipimo sita. Saidia masijala kupanga mafaili. Jifunze bima inavyofanya kazi, nani hulipa na nani hurudi nyumbani bila dawa. Ukiwa upande wa Eldoret, fuatilia ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na cha Indiana, ulioanza 1989 na kuzaa AMPATH, programu ya huduma za afya, mafunzo na utafiti magharibi mwa Kenya. Ni mfano mzuri wa jinsi vyuo viwili vinavyoweza kujengana kwa miongo. Wiki mbili za kuangalia kwa makini zinatosha. Na usilipe maelfu ya dola kwa kampuni za kukupeleka "kujitolea" mahali ambapo una ndugu.

Hatua ya 9: Kama nyumbani wanahitaji kipato chako

Fanya kazi inayolipa. Ghala, mkahawa, kuendesha gari, chochote cha halali. AMCAS ina kipengele maalumu cha kazi ya malipo isiyo ya tiba, na kamati nyingi hutazama umbali ambao mtu ametoka. Kijana aliyelipa nusu ya kodi ya nyumba tangu mwaka wa kwanza ana jambo la kusema kuhusu wajibu. Aseme wazi, bila kujionea aibu. Ongeza zamu moja ya kujitolea kwa wiki kwenye kituo cha kuwatunza wanaokaribia kufa au kliniki ya bure, saa nne tu, na uishike. Haba na haba hujaza kibaba.

Weka pia akiba. MCAT ni zaidi ya dola 300, na AMCAS ni dola 175 kwa chuo cha kwanza na zaidi ya 40 kwa kila kingine. AAMC ina mpango wa kusaidia wenye kipato kidogo unaopunguza ada ya MCAT na kufuta ada za vyuo hadi 20, na wakimbizi wanastahili kuomba. Ila lazima ukubaliwe kabla ya kulipa, ukishalipa hawarudishi.

Hatua ya 10: Andika kila wiki

Daftari hili ndilo litakaloandika maombi yako miaka miwili baadaye. Lina sehemu mbili. Ya kwanza ni jedwali: tarehe, mahali, saa, jina na barua pepe ya msimamizi. Ya pili ni maneno, kila Jumapili jioni, bila jina la mgonjwa wala jambo la kumtambulisha. Usiandike "nimejifunza huruma". Andika kilichotokea. Mfano:

"Bibi amekataa kuoga tena. Nilidhani ni ukaidi. Leo nimekaa naye bila kumgusa, akasema maji ya bafu lile ni baridi na kijana wa zamu iliyopita hakusubiri yapate moto. Nimefungua bomba, nimempa mkono wake apime mwenyewe. Ameoga. Nimemwambia muuguzi, tumeliandika kwenye faili lake."

Maneno kama hayo, ukiyakuta mwaka wa tatu, yanajaza herufi 1,325 bila shida. Kumbukumbu ya kichwani itakuwa imebaki na "nilimsaidia bibi mmoja".

Wiki mbili za mwisho

Mwanzoni mwa Agosti zungumza na msimamizi wako ana kwa ana. Mwambie lini masomo yanaanza, ni zamu gani unaweza kuendelea nazo, na umuulize kama siku moja atakuwa tayari kukuandikia barua. Usiiombe barua yenyewe sasa. Mwache akuone mwaka mwingine. Tuma shukrani kwa kila daktari aliyekukaribisha, kwa kutaja jambo moja uliloliona kwake. Hakiki saa zako na msimamizi wakati wote bado mnakumbuka. Kisha kaa na wazazi, uwaeleze kazi uliyofanya ni ya nini na Novemba utakuwa unatafuta nini kwa kiangazi kijacho, ili wasipange safari ya harusi juu ya tarehe za kozi yako.